Samaki Wageni Katika Bwawa la Nyumbani



Kati ya maswali tunayoulizwa na baba na mama wa jamaa, moja hurudi kila mara watu wanapotengeneza mabwawa nyuma ya nyumba zao. Husema: «Tumenunua samaki wadogo kwa franga zetu, tumewatia majini wakiwa wazima, na tangu siku ile hatuwaoni. Hawaji kula. Wengine wamekufa. Tufanye nini?» Na mara nyingine, mwisho kabisa, huongezwa neno jingine kwa sauti ya chini: «Je, jirani hakututendea ubaya?»

Juma hili tutajibu maneno yote mawili pamoja, maana yana mzizi mmoja. Mtu asiyejua tabia ya samaki haoni kile wanachomwonyesha kila siku; naye asipoona sababu iliyo majini, huanza kuitafuta katika nyumba ya jirani.

KAZI YA ZAMANI KATIKA NCHI YETU

Kufuga samaki si jambo geni katika Kongo. Mwaka 1949 Wabelgiji na Waingereza walifanya mkutano huko Elisabethville, mji ambao leo unaitwa Lubumbashi, ili kuongea juu ya mabwawa ya samaki katika Afrika. Karibu na mji ule, pale Kipopo, palikuwa na kituo cha kuchunguza samaki wa jamii ya tilapia. Kabla ya mwaka 1960 mabwawa madogo ya wanavijiji katika nchi nzima yalikuwa yamepita 100,000. Baadaye mengi yaliachwa, yakajaa matete na vyura. Katika miaka ya 1970 na 1980 kazi ilifundishwa tena katika sehemu nyingi, na jamaa kadhaa zinaifuata hata leo.

Kwa nini mabwawa mengi yaliachwa? Machafuko ya nchi yalikuwa sababu moja. Lakini iko na sababu nyingine: watu walifundishwa kuchimba, hawakufundishwa vya kutosha kutazama. Walitia samaki kama mtu atiavyo mawe katika shimo, wakarudi baada ya miezi sita kuvuna. Wakapata samaki wengi mno, wembamba, urefu wa kidole, au hawakupata kitu.

Na hasara hiyo si ndogo. Katika Kivu twaujua ugonjwa uitwao bwaki: mtoto ameachishwa ziwa, anapewa ugali wa muhogo asubuhi na jioni, tumbo linajaa lakini mwili haujengwi, miguu inavimba, nywele zinageuka rangi. Samaki mmoja mdogo katika sahani ya mtoto huyo ni kitu kikubwa. Kwa hiyo tunapoongea juu ya samaki wanaokufa siku ya kwanza, hatuongei juu ya mchezo.

SAFARI YA SAMAKI

Mara nyingi samaki mgeni huanza kufa njiani, ijapokuwa anafika akiwa bado anaogelea. Basi tuanze na safari.

Kwanza, asilishwe siku moja kabla ya kusafiri. Tumbo lililojaa huyachafua maji ya chombo, na katika maji machache uchafu ule ni sumu. Mwombeni anayewauzia awaweke samaki wenu mahali pa peke yao tangu jana yake bila chakula.

Pili, chombo kiwe safi. Ndoo au bidoni iliyotiwa mafuta ya taa, sabuni au dawa ya kuua wadudu isitumike, hata kama imeoshwa mara tatu na haina harufu tena puani mwenu. Samaki anapumua maji yale; kilicho kidogo kwetu ni kingi kwake.

Tatu, msafiri alfajiri au jioni. Maji ya moto hushika hewa ya kupumulia kidogo kuliko maji ya baridi. Hewa hiyo wataalamu huiita oksijeni. Usawa wa bahari, lita moja ya maji yenye digrii 20 huweza kushika kama miligramu 9 za oksijeni. Yakifika digrii 30, hayashiki zaidi ya miligramu 7 na nusu hivi. Tena samaki mwenyewe akipata joto huhitaji hewa zaidi. Basi ndoo iliyopita juani saa sita mchana inawanyima samaki mara mbili. Funikeni chombo kwa majani ya mgomba yaliyolowa, wala msijaze samaki kwa tamaa ya kumaliza safari moja. Afadhali kwenda mara mbili.

MLANGO WA BWAWA

Mkifika nyumbani watoto watapiga kelele wakitaka kuona samaki wakirushwa majini. Wazuieni. Hapa ndipo haraka haraka inapokosa baraka.

Samaki hana moto wake wa mwili kama mtu au mbuzi. Damu yake inafuata joto la maji. Ikiwa maji ya ndoo yana digrii 28, na bwawa lenu linalishwa na kijito cha mlimani chenye digrii 20, kumrusha ghafula ni kumwondoa jikoni na kumtupa katika baridi bila nguo. Hafi palepale, ataogelea, atazama, na kesho au kesho kutwa mtamwokota. Ninyi mtasema: «Alikuwa mzima kabisa!»

Njia iliyo njema ni hii. Wekeni ndoo ielee au isimame ndani ya bwawa, mahali penye kivuli, muda wa nusu saa, ili maji ya pande mbili yakaribiane kwa joto. Halafu chukueni kikombe, mtie maji ya bwawa ndani ya ndoo, ngojeni kidogo, tieni kikombe cha pili, na cha tatu, mpaka maji ya bwawa yazidi yale ya safari. Maana maji hayapitani kwa joto tu. Yana chumvi zake na ukali wake, na samaki anahitaji muda kuzoea. Mwisho inamisheni ndoo taratibu, mwache samaki watoke wenyewe. Aliye mzima atatoka akielekea chini. Anayebaki akielea ubavu, mtoeni. Msimwache aoze kati ya wenzake.

Jamaa ambayo tayari ina samaki katika bwawa ifanye jambo moja zaidi: iwatenge wageni wiki mbili katika shimo dogo lenye maji safi au katika pipa kubwa lenye kivuli. Si kwa kuwadharau. Mgeni aweza kubeba vijidudu ambavyo yeye amevizoea, lakini wenyeji hawajavijua. Tazameni kama ana vidonda, kama ana kitu cheupe mfano wa pamba juu ya ngozi, kama anajisugua juu ya mawe. Akipita wiki mbili bila dalili hizo, mpelekeni kwa wenzake. Wala msitie samaki wadogo kama kucha kati ya wakubwa: watafukuzwa kwenye chakula, na wengine watamezwa.

Hesabu nayo ina kazi yake. Kwa bwawa la nyumbani, samaki mmoja au wawili kwa kila meta moja ya mraba watosha. Bwawa la ari moja, yaani meta 100 za mraba, lipokee 100 hadi 200, lisizidishe.

SIKU MBILI, NA YA TATU

Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Neno hilo lafaa sana kwa samaki.

Siku ya kwanza atajificha. Atakaa chini, au kando penye kivuli, pamoja na wenzake, wamekusanyika kama kondoo waliosikia fisi. Hilo si ugonjwa. Muumba alimpa samaki mdogo busara hiyo: mdiria yuko juu ya mti, na samaki asiyejua bado pa kukimbilia hana budi kukaa mahali asipoonekana. Yule wa kuogopewa ni samaki wa peke yake, anayekaa juu ya maji mchana mweupe, asiyekimbia kivuli cha mtu kinapomwangukia. Huyo ni mgonjwa.

Siku hizo mbili msitie chakula. Wengi hufanya kinyume: wanaona samaki hawaji, wanadhani pumba ni kidogo, wanaongeza, hawaji tena, wanaongeza tena. Pumba zile zinazama na kuoza, na kuoza kwake kunakula hewa ya maji. Hivyo mtu anawaua wageni wake kwa wema.

Siku ya tatu chukueni konzi moja ya pumba, au majani machanga ya muhogo yaliyokatwa kwa watu wenye tilapia wala-majani, mtie saa ileile na mahali palepale kila siku. Wakila na kumaliza, kesho ongezeni kidogo. Wakiacha, punguzeni. Baada ya wiki moja au mbili mtaona ajabu: hatua za mguu wenu zikifika ukingoni, maji yanatikisika na samaki wanakuja.

Watoto wa masomo watauliza: wanasikiaje, nao hawana masikio? Masikio wanayo, lakini yamo ndani ya kichwa. Tena tazameni ubavu wa tilapia mezani kabla mama hajampika: kuna mstari wa vitundu vidogo, nao kwa tilapia umekatika vipande viwili, kimoja juu mbele, kingine chini nyuma. Kwa mstari huo samaki huhisi maji yanavyotikisika. Ndiyo sababu kupiga mawe bwawani ni kuwatesa wageni.

Wanafunzi waliokwisha kuona samaki wekundu wa pambo watajua kwamba nao hufanya vivyo hivyo. Samaki hao asili yao ni China, ambako watu walianza kuwachagua wale wenye rangi ya dhahabu miaka 1,000 na zaidi iliyopita. Wakiingizwa bwawani hujificha siku za kwanza, wanaambatana wao kwa wao, halafu wanazoea mkono unaowalisha. Desturi ya ugeni ni moja. Tofauti iko katika malezi, kama tutakavyoona.

ALAMA AMBAZO WENGI HUZIKOSEA

Baada ya miezi michache, samaki wa tilapia wanapokua, bwawa huanza kuonyesha mambo mapya. Tutaje matatu.

La kwanza: dume mmoja amebadilika rangi, na anawafukuza wenzake kwa ukali. Watu husema: «Huyu ni mbaya, tumtoe.» Sivyo. Amechagua kiwanja chake chini ya maji, anakitetea. Maji yakiwa machache mtaona duara kama sahani zimechimbwa kwenye tope. Si kazi ya kaa wala ya panya wa maji. Ni nyumba ambazo madume wamezichimba kwa mdomo ili majike waje kutaga.

La pili: jike amevimba taya, hali kitu, anakaa mbali na wenzake. Hapa ndipo makosa makubwa hufanyika. Mtu humwona, husema ni mgonjwa, anamtoa na kumkaanga. Ole wake! Jike wa tilapia ya Nili hukusanya mayai yake, mamia, na kuyatunza ndani ya kinywa chake. Maji yakiwa ya moto mayai huanguliwa baada ya siku nne hadi sita hivi. Lakini watoto hawatoki bado. Hukaa kinywani mpaka waweze kuogelea na kujitafutia, kama siku kumi au kumi na nne tangu mayai yalipotagwa. Siku hizo zote mama hali, au hula kidogo sana. Hata baada ya kuwaachilia, hatari ikija anafungua kinywa, nao wanakimbilia ndani. Basi aliyemkaanga jike yule amekula jamaa nzima.

Samaki wekundu wa China hawana malezi hayo. Hutaga kwenye majani ya majini na kwenda zao, na wakiyakuta mayai yao wenyewe huyala. Tilapia wala-majani wana njia nyingine tena: hawatii mayai kinywani, bali baba na mama hukaa pamoja wakilinda mayai na watoto. Muumba hakutumia kanuni moja tu.

La tatu: makundi ya watoto wadogo sana pembezoni mwa bwawa. Jamaa hufurahi, na ni haki. Lakini furaha hiyo ina mpaka. Tilapia huzaa mapema na mara nyingi; bwawa lisipopunguzwa, chakula cha mia kinaliwa na elfu, na wote wanabaki wadogo. Ni afadhali kukausha bwawa baada ya kama miezi sita, kula na kuuza wakubwa, kuwatenga wadogo wazuri kwa kuanza upya, na kuondoa tope lililozidi.

Wasomaji wa milimani waongeze jambo moja. Uso wa Ziwa Kivu uko meta 1,460 juu ya usawa wa bahari, na mabwawa mengi ya vilima vyake yako juu zaidi. Maji yakishuka chini ya digrii 20, tilapia ya Nili huchelewa kukua na huacha kuzaa. Yakikaribia digrii 16, huacha kula. Samaki wa milimani asiyekuja kwenye pumba asubuhi ya baridi hajarogwa. Mlisheni saa nane mchana, jua likiisha kupasha maji.

WALIOKUFA ALFAJIRI

Sasa tufike kwenye neno lile la sauti ya chini.

Katika parokia moja, ambayo jina lake tunaliacha, baba mmoja alikuwa amenunua tilapia mia moja na hamsini. Aliwaingiza vizuri, wakazoea, wakakua. Karibu na mavuno alisikia kwamba mbolea huwanenepesha, akatia bwawani vikapu vingi vya mavi ya ng'ombe kwa siku moja. Maji yakawa kijani kizito kama mchuzi wa sombe. Kisha mbingu ikafungwa siku tatu, bila jua, bila upepo. Asubuhi ya nne alikuta samaki tumbo juu.

Jioni iliyotangulia mama mmoja mjane, mzee, alikuwa amepita kando ya bwawa kwenda kuchota maji. Baba yule alimwendea, watu wakimfuata.

«Mama, umenifanyia nini?»

«Mwanangu, mimi nimepita na mtungi wangu tu.»

«Uliangalia ndani ya bwawa langu!»

«Niliangalia, ndiyo. Niliona samaki wanahema juu ya maji. Nilitaka kukuambia, lakini ulikuwa hupo nyumbani.»

Hakuna aliyesikia jibu hilo, ijapokuwa ndani yake mlikuwa na ukweli wote. Usiku ule mawe yalianguka juu ya nyasi za nyumba yake. Kesho yake alifunga nguo zake kwa kitambaa, akaenda kwa binti yake katika kijiji kingine.

Katekista alifika baadaye. Hakuanza kwa kugomba. Aliuliza: «Baba, ni samaki gani waliokufa kwanza, wakubwa au wadogo?» Wakubwa. «Wadogo walio hai, wako wapi?» Kwenye mdomo wa mfereji, pale maji mapya yanapoingia. «Vyura?» Wanalia kama kawaida. «Na saa ngapi waliokotwa?» Kabla ya jua. Basi jambo likawa wazi.

Tulieleze kwa watu wote. Maji ya kijani yamejaa mimea midogo sana isiyoonekana mmoja mmoja kwa macho. Mchana, jua likiwaka, mimea hiyo hutoa oksijeni. Usiku haitoi, nayo yenyewe huvuta, pamoja na samaki, pamoja na mbolea inayooza. Hivyo akiba hupungua saa baada ya saa, na huwa ndogo kabisa kabla tu ya mapambazuko. Siku za mawingu mchana haurudishi kilicholiwa usiku. Ndipo samaki wanapanda juu, midomo wazi, wakihema. Wakubwa hushindwa mapema kuliko wadogo.

Sumu ina dalili nyingine. Twaijua buba, mmea ambao wengine huponda na kutia mitoni ili kulewesha samaki. Sumu haingoji alfajiri. Huua saa yoyote, na mara nyingi wadogo ndio wanaotangulia. Dawa za mashamba zikioshwa na mvua hadi bwawani, huua pia wadudu wa majini na mara nyingine vyura. Mwenye kupatwa na hasara ahesabu kwanza mambo hayo: saa, ukubwa wa waliokufa, hali ya viumbe wengine, rangi ya maji, hali ya mbingu.

Na akiwaona wakihema wangali hai? Aache kutia mbolea na chakula. Afungue mfereji, maji mapya yaanguke kutoka juu ili yachukue hewa. Vijana waingie ukingoni wapige maji kwa matawi. Mbolea iliyozidi itolewe kwa kikapu. Wakihema kidogo alfajiri na kushuka jua likipanda, ni onyo tu; lakini onyo likirudi kila siku lisidharauliwe.

Tena kuna kipimo kisichogharimu franga hata moja: tieni mkono majini, kiganja kikiwa kimekunjuka, mpaka kiwiko. Kiganja kikipotea kabla kiwiko hakijafika, maji ni ya kijani mno, acheni mbolea. Kikionekana vizuri hata kiwiko kikipita, maji ni maskini, ongezeni kidogo. Kikianza kufifia pale kiwiko kinapogusa maji, ni vema. Na mbolea isimwagwe ovyo: iwekwe katika uzio wa miti kwenye pembe ya bwawa, kama sehemu moja ya kumi ya bwawa zima.

Baba yule alinunua samaki wengine msimu uliofuata, nao wakastawi. Alikwenda pia mpaka kijiji cha binti kuomba msamaha, akiwa na katekista. Mama mzee alimsamehe, akampa maji ya kunywa. Lakini hakukubali kurudi. Samaki hununuliwa tena. Jina la mtu haliuzwi sokoni.

Wakristo, amri ya nane haikatazi uwongo wa mdomo tu. Eklezya inatufundisha kwamba kuamini ubaya wa mwenzetu bila sababu ya kutosha, hata moyoni, ni hukumu ya haraka, na ni dhambi. Tena hukumu hiyo hupenda kuwaangukia walio peke yao: mjane, mzee asiye na mtoto, yatima. Hatujasikia bado tajiri akishtakiwa kwa samaki waliokufa.

MSIFUNGUE BWAWA MTONI

Neno moja la mwisho juu ya ugeni. Mtu akichoka na bwawa lake, asiwaachilie samaki wake katika mto au ziwa bila kuwauliza wenye ujuzi. Mara nyingine ugeni hufaulu: sambaza wa Ziwa Kivu waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika kati ya mwaka 1958 na 1960, na leo wanalisha watu wengi. Lakini katika Ziwa Viktoria sangara mkubwa, aliyeingizwa katika miaka ya 1950 na 1960, alikula na kumaliza aina nyingi za samaki wadogo ambao hawakuwa mahali pengine duniani. Bwawa lina mwenye kulifunga, ziwa halina.

KWA UFUPI

Wazazi wapenzi, kabla ya kutia samaki, pimeni maji kwa mkono. Siku ya kuwatia, mwe na nusu saa ya uvumilivu. Siku mbili, waacheni. Ya tatu, walisheni kidogo. Kila alfajiri, mmoja wa nyumba apite bwawani na kutazama. Kazi hiyo yafaa sana kwa mtoto, kabla ya kwenda masomoni, naye aseme nyumbani alichokiona. Na jirani akija kuwaambia kwamba ameona samaki wakihema, mshukuruni, mkakimbilie mfereji.

Maswali kwa wanafunzi

1. Kwa nini ndoo ya samaki huwekwa kwanza ndani ya bwawa kabla ya kuwaachilia?
2. Jike mwenye taya lililovimba na asiyekula ana nini kinywani?
3. Samaki hukosa hewa zaidi saa ngapi, na kwa sababu gani?
4. Katekista aliuliza maswali manne. Yataje, na useme kila moja lilimfundisha nini.
5. Ulizeni nyumbani: je, katika mtaa wetu yuko mtu aliyehukumiwa kwa haraka, naye angali anangoja kuombwa msamaha?